Blogu ya Midomo Miwili

Mimi si mtu wa kununa. Waulize nyumbani, watakwambia nanuna sana, lakini usiwasikilize. Siku mdogo wangu aliponiambia kwamba mchumba wake amejitolea kuitengeneza upya blogu yetu, iwe na sura mpya, rangi mpya, kila kitu kipya, mimi niliendelea tu kukata vitunguu. Kama nilikuwa nakata kwa nguvu kidogo, hilo ni suala la kisu.

"Dada, umenisikia?"

"Nimekusikia. Kwani ya zamani inaumwa nini?"

"Haiumwi. Imezeeka tu."

"Hata mama amezeeka. Naye tumtafutie fundi?"

Mama alikuwa sebuleni na miguu yake juu ya kigoda. Akajibu kutoka hukohuko kwamba amesikia, na kwamba katika nyumba hii kinachohitaji fundi ni mdomo wangu. Mdogo wangu akacheka mpaka akashika ukuta.

Blogu yenyewe inaitwa Wimbo Mmoja, Midomo Miwili. Kila Ijumaa tunachagua wimbo, mara nyingi wa bendi za zamani, yeye anaandika lake na mimi naandika langu, na hatujawahi kupatana. Akisema gitaa limemtoa machozi, mimi nauliza gitaa gani? Nikisema mwimbaji ameimba mpaka nywele zimenisimama, yeye anasema mwimbaji huyo anaonekana alifungiwa chumba cha pili na hakuna aliyekwenda kumfungulia. Wasomaji wetu si wengi, lakini ni wa kufa na kuzikana, na wanakuja kwa ajili ya ugomvi. Mmoja anajiita Fundi Saa, kwa kuwa kazi yake ndiyo hiyo. Ameshatangaza hadharani kwamba Ijumaa hagusi saa ya mtu kabla hajasoma tumerushiana maneno gani.

Tulianza kusikiliza muziki pamoja tukiwa wadogo, na tulisikiliza kwa siri. Mama alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku. Mchana alilala, na mtu akikohoa kwa nguvu alikuwa anafukuzwa uani. Redio ilikuwa haiwashwi. Tulichokuwa nacho ni iyafoni, zile waya za kuchomeka masikioni, na zilikuwa pea moja. Tukagawana: ya kushoto yake, ya kulia yangu, vichwa vimegusana, tumekaa kwenye kochi lililochanika mkono. Waya zimekufa nyingi tangu wakati ule na tumenunua nyingine, lakini masikio hatukubadilishana. Kila Alhamisi jioni, nikitoka kliniki ya meno ninakofanya kazi ya mapokezi, naye akitoka kwenye duka la rangi, tunakaa kwenye kochi lilelile, tunasikiliza, kisha kila mtu anakwenda pembeni kuandika.

Sasa niseme kilichokuwa kinaniuma, maana ukificha ugonjwa kifo kitakuumbua. Mdogo wangu alikuwa anaoa mwisho wa mwaka na kuhamia upande wa pili wa mji. Mimi sijaolewa na sina haraka, ila marafiki zangu wametawanyika, na kazini naongea na watu wenye maumivu ya jino, ambao mazungumzo hawana hamu nayo. Mtu wangu wa kubishana naye na kucheka naye alikuwa huyu mmoja tu. Nilijua akishaoa, kitakachobaki kati yetu ni Ijumaa. Na sasa mchumba wake anaingia mpaka kwenye Ijumaa! Niliogopa. Nilijiona nimebaki na mama, televisheni na vitunguu.

Huyo mchumba ni mchora mabango. Ukiona duka la mtaani lina maandishi yaliyonyooka na samaki aliyechorwa anayeonekana samaki kweli, huenda ni kazi ya mkono wake. Siku hizi anatengeneza na kurasa za kwenye mtandao. Walijuana dukani. Alikwenda kununua rangi nyekundu, mdogo wangu akamchanganyia isiyo yenyewe, akairudisha. Akachanganyiwa nyingine, akairudisha nayo. Aliirudisha tena na tena, mpaka mimi nilipohadithiwa nikajua hapo hapana habari ya rangi.

Hakuwa na ubaya. Ubaya wake ulikuwa kukosa ubaya. Alikuwa mtu wa ndiyo-ndiyo. Nikisema chai imezidi sukari, "Ni kweli, dada." Mama akisema chai haina sukari, "Ni kweli, mama." Birika lilelile! Mtu wa namna hiyo utamshikia wapi? Nilikuwa natafuta kosa la kumgombeza, nalikosa, narudi jikoni na hasira zangu.

Jumapili moja akaja na kompyuta yake kutuonyesha sura mpya. Ile ya zamani ilikuwa nyeusi yenye maandishi ya njano, na pembeni kuna sahani ya santuri inayozunguka bila kupumzika. Mdogo wangu aliipenda sana sahani ile. Mimi ilikuwa inanitia kizunguzungu, lakini siku hiyo niliiona ina maana kubwa katika maisha yangu. Akafungua ukurasa mpya. Mweupe, safi, herufi kubwa za kusomeka, safu mbili zimekabiliana uso kwa uso, wimbo umekaa katikati. Juu ya safu ya kushoto amemchora mdogo wangu, mdomo wazi. Juu ya safu ya kulia amenichora mimi, nyusi moja imepanda.

Ulikuwa mzuri. Nilitafuta pa kuukosoa mpaka macho yakauma.

"Nyusi yangu haiko hivi," nikasema.

"Ni kweli, dada. Nitaibadilisha."

"Usibadilishe," mama akasema. "Iko hivyohivyo. Mtazame sasa hivi."

Akatueleza na utaratibu. Kila mmoja angeandika kwake na kutuma mwenyewe, bila kuona la mwenzake, na ukurasa ungeyafungua yote mawili kwa pamoja Ijumaa adhuhuri. Alisema hivyo ndivyo tutakavyoshtukizana. Kisha akatoa mfuko chini ya meza. Ndani mlikuwa na hedifoni mbili kubwa, zile za kuvaa kichwani zinazofunika masikio yote.

"Nimeona mnagawana waya moja," alisema kwa aibu. "Nikasema, sasa blogu ni mpya, kila mtu awe na zake, msisumbuke."

Nani alimwambia tunasumbuka? Lakini zawadi haikataliwi, nikasema asante. Mama akanong'ona kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi nikamwambia kidonda nimeshakiona, kinyemi bado.

Tulitangaza siku ya kufungua. Tukachagua wimbo wa nguvu, wa bendi moja ya zamani, ambamo mwanamume anamwomba mkewe msamaha mwanzo mpaka mwisho. Fundi Saa akaandika kwamba ameshapangusa vumbi kiti chake. Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, nilijifungia stoo ya kliniki katikati ya maboksi ya glavu, nikavaa lile dude, nikabonyeza.

Jamani! Nilisikia vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia. Magitaa yaliingia kutoka upande mmoja, moja linauliza, jingine linajibu, na sauti ya yule bwana, kutoka upande wa pili, inapita katikati ya maswali na majibu yao bila haraka. Nilisahau kula. Daktari aliita mara ngapi sijui, nikaja kutoka na alama ya hedifoni kuzunguka masikio. Niliandika jioni ileile bila kufuta neno, nikatuma, nikalala nikichekea moyoni, maana nilijua mdogo wangu lazima atauponda.

Ijumaa adhuhuri nilifungua ukurasa nikiwa mezani pangu, mgonjwa mmoja ameshika shavu mbele yangu. Nikasoma safu ya kushoto: "Magitaa yanasalimiana kama majirani, na sauti inapita katikati yao bila kumsukuma mtu." Nikasoma safu ya kulia, yangu mwenyewe: "Sauti inapita katikati ya magitaa bila kumsukuma mtu, na magitaa yenyewe yana ujirani mwema."

"Lo!" nikasema kwa sauti. Mgonjwa akadhani nimeona jino lake.

Maoni yakaanza kuingia. Wa kwanza akatupongeza kwa sura mpya. Wa pili akapenda nyusi. Kisha akaja Fundi Saa: "Ukurasa ni mzuri, mchoraji apewe maua yake. Lakini nyie wawili mmepatana lini, na mbona hamkututangazia msiba? Wahenga walisema ndugu wakipatana chukua kapu ukavune. Nimekuja na kapu langu, sijaona cha kuvuna."

Nikampigia mdogo wangu. "Umeniibia!"

"Wewe ndiye umeniibia!"

"Nimekuibiaje na mimi nilituma mapema?"

"Na mimi nilituma mapema!"

Jioni alipofika nyumbani hatukuamkiana. Tukakaa kwenye kochi, kila mtu amekunja mikono, mpaka yeye akasema hebu tuusikilize kama zamani, tujue nani mwongo. Akachomoa waya zetu kutoka kwenye droo. Ya kushoto yake, ya kulia yangu. Wimbo ukaanza, na kwangu mimi magitaa yakatoweka. Nilisikia ngoma na waimbaji tu, na huko mbali kabisa kitu fulani kikikwaruza.

"Magitaa yamekwenda wapi?" nikauliza.

"Mbona yapo hapa. Ila mwimbaji ndiye simsikii vizuri, yuko mbali."

Tukatazamana. Akaichomoa yake akanipa, nikachomoa yangu nikampa. Magitaa yote yakanimiminikia, na mwimbaji akaenda kufungiwa chumba cha pili. Mdogo wangu akafumbua macho utafikiri ameona mzimu. Mabwana wale wa zamani walirekodi magitaa upande mmoja na waimbaji upande mwingine, na sisi tangu utoto kila mtu alikuwa anasikia nusu yake na kuapa kwamba mwenzake ni kiziwi!

Tulicheka mpaka mama akaja na upawa mkononi. Tulipomweleza, alituelekezea upawa.

"Yaani kelele zote mlizonipigia humu ndani," akasema, "mlikuwa mnagombania waya?"

Tukacheka tena, tukaanza kuzirudia nyimbo zetu zote za nyuma kwa hedifoni mpya. Wimbo huu mzuri, sivyo? Ni kweli. Huyu mpiga ngoma alikuwa anakimbilia wapi? Ni kweli, hata mimi nimeona. Ni kweli, ni kweli. Kicheko kikaanza kupungua. Baadaye kidogo tulikuwa tumekaa kimya, watu wawili wenye maoni mamoja, na hapakuwa na cha kuongea.

Wiki iliyofuata tukajaribu ujanja. Yeye asifu, mimi niponde. Nikaandika kwamba mpiga besi ni mvivu, ingawa roho ilinisuta maana mpiga besi yule ni hodari. Fundi Saa hakuchelewa: "Dada, ugomvi huu umeuazima. Mwanangu akijifanya mgonjwa asubuhi ya shule hujitahidi zaidi ya hapo." Wengine hawakuandika lolote, na hilo liliuma zaidi.

Basi mdogo wangu akaja kunikalisha chini. Alikuwa mpole, na mimi mtu akiwa mpole na mimi huwa najua kuna jambo.

"Dada, tusijidanganye. Tukiandika wawili tunaandika kitu kimoja. Safu moja inatosha. Mimi nitakuwa naandika, nawe upumzike, kazi yako inachosha. Au ukipenda andika wewe, mimi niache. Na huko ninakohamia, kuja kila Alhamisi ingekuwa kazi vilevile."

Nikasema sawa, hakuna shida. Nikaingia bafuni, nikafungua bomba la maji, nikalia. Bomba lilikuwa la kufunika sauti. Nililia kama mtoto, nikanawa uso, nikatoka nikasema mama, tumbo limenichafuka.

Jumapili mchumba wake akaja kuubadilisha ukurasa, aziondoe safu mbili aweke moja. Mdogo wangu alikuwa dukani wanapokea mzigo. Mama alikuwa sebuleni. Tukabaki sisi wawili kwenye meza ya jikoni, kompyuta katikati, vikombe vya chai pembeni.

"Dada," akasema bila kuniangalia, "ni mimi niliyewaharibia?"

Ulimi uliniwasha kusema ndiyo. Nikasema, "Hapana."

"Ni kweli," akasema, kwa mazoea tu, na akaanza kazi.

Ili ajaribu kitufe ilibidi auwashe wimbo, na uliotangulia kwenye orodha ni ule wa siku ya kufungua, wa yule bwana anayeomba msamaha. Ukapiga ubeti wa kwanza. Ulipofika wa pili nikamwona amekunja pua.

"Nini?"

"Hakuna kitu, dada."

"Umekunja pua."

"Ni mafua."

"Mafua gani yanayosubiri ubeti wa pili? Sema."

"Wimbo ni mzuri, dada. Ni kweli kabisa kama mlivyoandika."

"Nimekuuliza, sema!"

Akaiacha kompyuta. Akashusha pumzi. "Basi nasema. Huyu mwanamume namchukia."

"Mwanamume gani?"

"Huyu anayeimba! Wimbo mzima nisamehe, nirudie, nimekosa. Amekosa nini? Hasemi! Mara mvua inanyesha, mara nyumba ni tupu, mara mama yake anamuulizia mkwe. Kosa halitaji ng'o! Na ubeti wa mwisho umeusikia? Anasema mke naye ana hasira za haraka. Yaani kosa limeshahamishwa, limekwenda kwa mke! Na nyie mnamsifia. Mmoja anasikiliza gitaa, mwingine anasikiliza sauti, maneno hakuna anayeyasikiliza. Mimi ni mchora mabango, dada. Mtu akiniletea maneno nayasoma kabla sijachovya brashi."

Damu ikanichemka. Wimbo ule naupenda tangu nina meno ya utoto.

"Wewe muziki unaujulia wapi?"

"Muziki siujui. Waongo nawajua."

"Huyo si mwongo, ana aibu! Mtu mwenye aibu hataji kosa lake mbele za watu."

"Basi na msamaha asiombe mbele za watu! Amepanda jukwaani na bendi nzima, wapiga tarumbeta wamesimama nyuma yake, aibu iko wapi?"

"Hiyo ni sanaa!"

"Sanaa ya kukwepa!"

Nikapiga meza. Naye akapiga meza. Kikombe kikaanguka, chai ikatapakaa, hakuna aliyeinuka kuchukua kitambaa. Nikamwambia mke wa kwenye wimbo ameshasamehe, kwa hiyo yeye kinachomwasha ni nini. Akasema mke wa kwenye wimbo hajapewa hata mstari mmoja, tutajuaje kama amesamehe? Nikaongeza sauti. Akaongeza na yeye. Sikujua kwamba msichana yule ana sauti.

Mama akatokea mlangoni. "Kuna nini? Mnagombana?"

"Hapana," akasema yeye.

"Ndiyo," nikasema mimi.

Mama akatutazama mmoja mmoja, akatazama na chai iliyomwagika, akarudi sebuleni akapunguza sauti ya televisheni ili asipitwe.

Hapo mchumba akawa mdogo ghafla. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza. "Nisamehe, dada. Nimevuka mpaka. Nisamehe sana."

"Unaniomba msamaha?"

"Ndiyo, dada."

"Kwa kosa gani? Litaje."

Akasimama na kitambaa chake. Akafikiri. Nilimwona anafikiri kwelikweli. "Sina kosa," akasema mwishowe.

"Haya, kaa."

Akakaa. Tukaanza kucheka, kwanza yeye kwa woga, kisha mimi, kisha wote wawili mpaka mbavu zikauma. Alipofuta machozi akaniambia alikuwa akiogopa. Kila aliyemuuliza kuhusu familia hii alimwambia wale ndugu wawili hawaingiliki, watakuacha mlangoni. Akaona akikubali kila kitu, sukari ipo sukari haipo, huenda siku moja mlango ungefunguka.

"Na mimi nilikuwa naogopa," nikamwambia. "Unamchukua mdogo wangu."

"Dada, mimi simchuku—"

"Usianze tena! Unamchukua. Ni haki yako, na yeye anakupenda, na mimi inaniuma. Sema ukweli."

Akakisimamisha kikombe kilichoanguka. Kisha akaniangalia machoni. "Ndiyo," akasema. "Namchukua. Lakini Ijumaa yako sikutaka kuichukua. Nilitengeneza safu mbili ili uwe na mahali pako, hata akihama."

Nilimshika mkono, ukiwa bado na kitambaa cha chai, nikaubana. Alikuwa amenifikiria. Mimi nilikuwa nahesabu vitunguu, yeye alikuwa ananitafutia mahali pa kukaa.

"Hiyo safu usiifute," nikasema. "Mimi na mdogo wangu maoni yetu ni mamoja, basi tutabanana kwenye safu moja. Hii nyingine ni yako. Andika hayo uliyoniambia, yote, na lile la tarumbeta usilisahau."

"Na mdogo wako akikataa?"

"Thubutu yake. Ila sikiliza: ukinisifu hata kwa mstari mmoja, nakufuta."

Wiki hiyo tukamtangazia kila mtu kwamba wimbo wa kufungulia blogu unarudiwa, na kwamba safari hii kuna mtu hakubaliani nasi. Mdogo wangu hakukataa. Alipoelezwa alikaa kwenye kochi akacheka peke yake, kisha akauliza kama kuna mtu alikuwa na mpango wa kumuuliza maoni yake, na mama akamwambia akalete mkate. Alhamisi niliandika utetezi wa yule bwana mpaka vidole vikauma. Niliandika juu ya aibu, juu ya uzito wa neno kosa, juu ya watu ambao ulimi wao hufunguka kwa gitaa tu. Niliona kwamba hapo nimemmaliza.

Ijumaa adhuhuri ukurasa ukafunguka, na maoni yakaanza kumiminika kuliko nilivyowahi kuona. Fundi Saa aliandika: "Nimefunga duka nisome kwa nafasi. Huyu mpya ni nani? Mke wangu amesoma juu ya bega langu, sasa amekaa ananitazama tu." Mwanamke mmoja akaorodhesha misamaha aliyowahi kuombwa bila kosa kutajwa. Mwingine akasema mumewe anafanana na yule bwana, ila haimbi. Mzee mmoja akanitetea kwa herufi kubwa zote, wakamvamia, nikaona nimepata na jeshi.

Mimi sikuwa nimeisoma safu ya mchumba bado. Nilisubiri wagonjwa wapungue, nikaanza taratibu. Mvua ipo. Tarumbeta zipo. Mke asiyepewa mstari yupo, na kwa kweli ameandika vizuri, bila kuzunguka, mtu wa mabango yule. Nikafika sentensi ya mwisho: "Anayemtetea bwana huyu, mwulizeni kama amewahi kuombwa msamaha na mtu wa namna hii, na kama alijua anasamehe nini."

Ebo! Ananisema mimi! Mimi ambaye nimempa safu kwa mkono wangu! Nikasimama, kiti kikagonga ukuta, daktari akachungulia. Nikamwambia nina dharura ya kifamilia, nikatoka nje na simu. Nilibonyeza namba kwa hasira, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata miezi na miezi.

Mdogo wangu akapokea hapohapo. Nyuma yake ile mashine ya kutikisia rangi ilikuwa inanguruma.

"Dada! Umeona watu walivyochachamaa? Mimi nilijua tu. Sasa nisikilize, nimefikiri kuhusu hili suala la kosa, na kwa maoni yangu—"

"Yuko hapo?"

"Yupo, amekuja kuchukua nyeupe. Lakini kwanza nikwambie, kwa maoni yangu—"

"Mdogo wangu, nakupenda," nikasema. "Lakini sikukupigia wewe. Mpe simu wifi yangu."

Mashine ikazimwa. Nikasikia simu inapita kutoka mkono huu kwenda mkono ule, na sauti yake ikaja, haina woga hata chembe.

"Nilijua utapiga, wifi. Nimeshavuta kopo nimekalia."

"Kaa vizuri," nikamwambia. "Tunaanza na ubeti wa kwanza."